Kumpiga, si kuwapiga

Sebule ya bibi yangu kule Mufindi ilibandikwa magazeti ukuta mzima, kutoka darini hadi chini usawa wa kigoda. Haukuwa urembo. Anayejua Mufindi ya Juni na Julai anajua kwamba upepo ule haubishi hodi, na nyumba ya udongo haikosi nyufa. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Panya waliupenda uji huo, kwa hiyo habari nyingi zilikuwa na mashimo katikati.

Babu alifundisha elimu ya watu wazima, ile ambayo kijijini kila mtu aliiita ngumbaru. Magazeti yalimfikia kwa mafungu, yakiwa yamechelewa siku nne au wiki: Uhuru kwa wingi, Mzalendo la Jumapili, na Kiongozi la kanisa, maana bibi alikuwa Mkatoliki. Yakishasomwa yalikwenda ukutani. Hivyo ndivyo nilivyovisoma vita vya Kagera, miaka sita hivi baada ya kwisha, nikiwa nimelala chali kwenye mkeka. Kurasa nyingine zilikuwa kichwa chini, kwa sababu aliyebandika alikuwa anaziba upepo tu.

Kuna hadithi ambayo nyumbani haikuchosha kusimuliwa. Bibi alikuwa mmoja wa wanafunzi wa babu wa ngumbaru, na neno la kwanza la gazeti alilolisoma peke yake, kwa silabi, lilikuwa NDULI. Akashika kichwa. Kwetu Iringa, Nduli ni mahali, ndipo kilipo kiwanja cha ndege. Akauliza ndege imeanguka, wamekufa wangapi. Babu akamweleza kwamba nduli ni muuaji, mtu katili, na kwamba hapo anatajwa Idi Amin. Bibi hakuridhika. Akataka kujua ni nani kampa Amin jina la kijiji cha watu.

Nilicheka hadithi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuona kwamba bibi alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Gazeti lilimpa mtu mmoja jina, na likalirudia jina hilo kila siku kwa miezi. Nduli. Fashisti. Umoja, si wingi. Tarehe 2 Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Maneno yake yakaenda hewani kupitia Radio Tanzania, yakajaa magazetini, na hadi leo mtoto wa shule anayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Watu hukumbuka ule mpangilio wa uwezo, sababu na nia. Mimi nawaomba muitazame herufi moja ndani ya kitenzi. Ku-m-piga. Hakusema kuwapiga.

Mzungumzaji wa Kiswahili hakikwepi kirahisi kiambishi hicho. Ukitaja kupiga mtu mahususi, kwa kawaida kitenzi chenyewe kinasema ni mmoja au ni wengi. Lugha inakulazimisha uchague adui wako kabla hujamaliza neno. Magazeti yaliuchukua uchaguzi ule yakaufanya kuwa mtindo wao. Wavamizi walitajwa kwa wingi, ndiyo, na majeshi yalitajwa kwa wingi, lakini yalikuwa majeshi ya nduli, mali ya mtu mmoja. Waganda walibaki kuwa ndugu wanaoonewa na mtu huyohuyo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, msomaji wa Mafinga alikuwa ameshapikwa miezi mitano kuamini kwamba amemsaidia jirani kumtoa nyoka chumbani. Hakujiona ameshinda taifa jingine.

Sitaki kuifanya sarufi kuwa malaika. Masaka ilibomolewa vibaya baada ya kutekwa Februari 1979, kwa hasira ya yaliyofanyika Kagera, ambako raia waliuawa, mifugo ikaswagwa na daraja la Kyaka likavunjwa. Kombora halichagui umoja wala wingi, na aliyepoteza nyumba Masaka hakufarijika kwa kiambishi cha kati cha Kiswahili. Lakini tazama kilichofuata. Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi mwishoni mwa Machi 1979 kuunda serikali yao wenyewe kabla Kampala haijaanguka. Miaka ishirini baadaye, Novemba 1999, nchi mbili zilizopigana zikaweka sahihi pamoja na Kenya mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo yote sijawahi kusikia, kilabuni, sokoni wala kwenye basi, mtu wa kwetu akimchukia Mganda kwa Uganda wake. Mjomba wangu alikwenda vitani akiwa mgambo. Alirudi na salamu za Kiganda, na kila asubuhi alimwamkia bibi kwa salamu hizo, naye bibi akimjibu kwa sauti ya juu, kamwene, salamu ya kwetu, mpaka mmoja achoke. Zaidi ya hapo hakusimulia kitu.

Nikifika hapa najua msomaji wa Kalenga ananisubiri mlangoni. Atasema: na sisi je? Wajerumani nao walimtafuta mtu mmoja, Chifu Mkwawa. Ni kweli. Baada ya Lugalo, Agosti 1891, ambako Wahehe waliliangamiza jeshi la Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na baada ya ngome ya Kalenga kuanguka Oktoba 1894, kilichokuwa kinawindwa ni kichwa kimoja, na kiliwekewa bei: rupia 5,000. Mkwawa alijiua Julai 1898 asikamatwe hai, na kichwa kikachukuliwa kweli. Kama nadharia yangu ya umoja na wingi ingekuwa inajitosheleza, upatanisho kati ya Wahehe na Wajerumani ungekuwa wa haraka kuliko ule wa Uganda.

Hapo ndipo ninapojifunza kuuliza swali la pili: gazeti lilikuwa linaongea na nani? Mjerumani aliposema anamtafuta Mkwawa alikuwa akiwaambia Wajerumani wenzake. Gazeti la walowezi lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka uliofuata halikuandikwa ili Mhehe alisome, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni na Ubena, wasomaji wake walikuwa wakihesabu mashamba yao na usalama wao. Waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, makumi ya maelfu kwa makadirio ya chini kabisa, hawakuwa na ukurasa wa barua. Umoja ule wa kichwa kimoja haukuwa mlango wa kurudi kwenye ujirani. Ulikuwa hesabu ya bei.

Kichwa chenyewe kiliingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kikidaiwa kirudishwe ndani ya miezi sita. Kilichukua miaka thelathini na mitano. Twining, gavana wa Mwingereza Tanganyika, alikikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954, huku nchi jirani ya Kenya ikiwa katika hali ya hatari na Mwingereza akihitaji sana makabila tulivu na vijana wa kuajiri. Ilikuwa siku ya heshima kubwa Kalenga, na sitaidharau. Wazee waliokuwepo walilia kweli. Ila upatanisho wenyewe ulikuwa wa ajabu: Mwingereza akirudisha fuvu lililochukuliwa na Mjerumani, na aliyelichukua hayupo. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Mjerumani mwenyewe alikuja kuomba msamaha Songea Novemba 2023, kwa kinywa cha Rais Steinmeier, kwenye makumbusho ya Maji Maji. Miaka mia moja na kumi na nane tangu vita vianze.

Turudi ukutani, maana huko kuna kitu kingine ambacho wachambuzi wa magazeti ya vita hupenda kukiruka. Tunapenda kusema gazeti ni kioo cha hisia za wananchi. Uhuru na Mzalendo yalikuwa magazeti ya Chama, Daily News lilikuwa la serikali. Hicho si kioo. Yale yalikuwa maelekezo ya jinsi ya kujisikia. Kurasa za vita zimejaa mikutano ya kulaani, maandamano ya kuunga mkono, michango ya fedha, ng'ombe na nafaka. Mtu akiyasoma leo bila kujua yalivyosomwa siku zile, atadhani nchi nzima ilikuwa imesimama imekunja ngumi.

Na walau kwa wiki za mwanzo ilikuwa hivyo, sibishi. Kitu kimoja kinachofanya vita hivi viwe tofauti na vyote vilivyotangulia ni ngumbaru. Mwaka 1967 zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma. Upimaji wa mwaka 1977 ulikuta wamebaki takriban asilimia 27. Ina maana vita vilipoanza mwaka uliofuata, vijijini kulikuwa na mamilioni ya wasomaji wapya wenye kiu, wasio na kitu cha kusoma zaidi ya kitabu cha kilimo bora. Gazeti la siku kumi zilizopita lilikuwa jipya kwao. Kwenye kilabu cha ulanzi mtu mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakamkosoa matamshi, na habari ikabishaniwa upya kwa kulinganishwa na kile redio ilichokwisha kusema. Hisia za umma, kama zipo mahali, zilikuwa kwenye ule ubishi. Hazikuchapishwa.

Kwa hiyo mimi nimejizoeza kulisoma gazeti la vita kwa nyuma ya ukurasa. Mbele kuna ushindi. Nyuma kuna ratiba, matokeo ya mpira, tangazo la mtu aliyepotelewa na leseni, malalamiko ya abiria aliyelala njiani kwa kuwa basi limechukuliwa kupeleka askari. Huko ndiko vita vinakoonekana vikiuma. Na zaidi ya huko kuna kile ambacho hakipo kabisa. Kwenye ukuta wa bibi, ukuta mzima, sikuwahi kuona orodha ya majina ya waliokufa. Askari walizikwa Kaboya, kule Muleba, na familia za Makete na Rungwe ziliarifiwa kwa njia nyingine: mgeni wa kijeshi, barua, au ukimya uliorefuka hadi mama akaelewa mwenyewe. Bibi alikaa miezi minne bila kujua kama mjomba yu hai, naye amelala chini ya vichwa vya habari vya ushindi kila usiku. Ukiniuliza hali ya wananchi ilikuwaje mwaka 1979, nitakuonyesha kwanza yule mama na ule ukuta kwa pamoja. Mmoja bila mwingine ni uongo.

Kisha vita vikaisha, na lugha ya vita haikuvuliwa sare.

Mwalimu aliomba miezi kumi na minane ya kufunga mkanda. Mkanda ulifungwa miaka. Sukari, sabuni, mafuta ya taa na khanga vikawa vitu vya kuzungumzwa kwa kunong'ona. Mikoa yetu ya kusini, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ndiyo iliyokuwa ikilisha nchi kwa mahindi meupe, lakini nchi ikala pia mahindi ya msaada, ule unga wa rangi ya njano ambao watu waliubatiza unga wa Yanga. Jina lile ni uchambuzi wa kisiasa kuliko tahariri yoyote ya miaka ile. Halikumlaumu mtu, halikumtukana mtu, na kila aliyelisikia alielewa nchi imefika wapi.

Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya uhujumu uchumi. Hapa ndipo naomba msomaji arudi kwenye ile herufi. Adui sasa aliitwa walanguzi. Wahujumu. Wanyonyaji. Wingi mtupu. Hakukuwa na nduli mmoja wa kumng'oa. Walikuwa wengi, walikuwa miongoni mwetu, na yeyote aliyekuwa na duka, lori au jamaa upande wa pili wa mpaka aliweza kuwa mmoja wao. Kwa mkoa wa Mbeya wa siku zile hilo halikuwa jambo la kufikirika. Tunduma ni mji ambao barabara moja tu inaitenga Tanzania na Zambia, na Kyela inatazamana na Malawi ng'ambo ya mto Songwe. Sabuni ya kuogea ilitoka huko. Aliyeileta aliitwa mtu wa magendo, aliyeinunua aliitwa mama mwenye watoto, na mara nyingi walikuwa watu wa ukoo mmoja.

Baba yangu mdogo alikuwa na kiduka. Walikuja asubuhi, wakakuta katoni mbili za sabuni chini ya uvungu na debe la mafuta ya kula. Wiki hiyohiyo gazeti likaandika kwamba wahujumu kadhaa wamenaswa. Hakutajwa jina, na hilo ndilo lililomuumiza hadi kufa kwake. Alikuwa akisema, wangeniandika jina ningebisha, lakini mtu utabishaje na neno wahujumu? Alikaa ndani miezi miwili, akatoka bila kushtakiwa, katoni hazikurudi. Yeye na aliyekuja kumkamata walikuwa wakisali kanisa moja, na waliendelea kusali kanisa moja miaka ishirini bila kushikana mikono. Hakukuwa na mkutano wa Moshi kwa ajili ya watu kama hao. Hakukuwa na mkataba.

Sisemi kwamba ulanguzi haukuwepo. Ulikuwepo, na uliwatesa maskini. Ninachosema ni kwamba nchi ileile, magazeti yaleyale, pengine wahariri walewale, walijua mwaka 1978 namna ya kumtaja adui wa nje huku wakiacha nafasi ya kupatana na watu wake. Miaka mitano baadaye walipogeukia nyumbani ujuzi ule ulikuwa umepotea. Tulipatana na Uganda upesi kuliko tulivyopatana na wenye maduka. Anayetaka kuandika historia ya upatanisho wa kitaifa katika Tanzania, badala ya kusifu tu amani yetu, aanzie kwenye pengo hilo.

Mwaka 2012 tuliionja tena lugha hiyo ya vita. Mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa, wenye mizizi kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, uliamshwa na utafutaji wa mafuta upande wa Malawi. Viongozi wa nchi zote mbili walitoa kauli kali, na vichwa vya habari vya Dar es Salaam vikanoa mapanga. Wakati ule nilikuwa na kazi Kyela. Katika banda la samaki Matema niliona gazeti lenye picha ya askari likitumika kufungia dagaa, na aliyekuwa akifungiwa alikuwa Mngonde kutoka Karonga. Muuzaji, Mnyakyusa, alimwita mjukuu. Waliongea kwa lugha ambayo mimi nisiye wa huko sikuweza kuona inaishia wapi kuwa ya Tanzania na inaanzia wapi kuwa ya Malawi. Nilimuuliza muuzaji kuhusu vita. Akaniambia Wamalawi wana shida, kisha akamwongezea mteja wake konzi moja juu.

Wamalawi. Wingi. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mmoja, naye alimwongezea.

Watu wa nyanda hizi walikuwa na chombo chao cha kumaliza vita kabla ya karatasi kufika. Wahehe na Wangoni walichinjana kuanzia mwaka 1878, kwa miaka minne hivi, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Baada ya hapo wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana ukoo, kukuita mla mbwa, kukunyang'anya kuku, kukuzuilia jeneza mpaka ulipe, na huruhusiwi kukasirika. Kila tusi ni kumbukumbu ya vita, linatamkwa hadharani, mbele ya watoto, na halina mhariri.

Bibi alifariki mwaka 1996. Siku ya mazishi sebule ilikuwa bado na magazeti yake, yamegeuka rangi ya chai. Akaingia mtani, mzee Mngoni kutoka upande wa Songea aliyeolewa binti yake kijijini kwetu, amevaa gunia, amejipaka majivu. Akazunguka jeneza, akaenda ukutani, akabandua kipande kizima cha Uhuru, vumbi na mavi ya panya vikaanguka. Akavaa miwani isiyo na vioo. Akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: habari zilizotufikia punde zinasema Wahehe wamesalimu amri kwa Wangoni, silaha zao zote, yaani mbwa wao, zimeliwa, na mwanamke wa mwisho aliyekuwa akipigana amelala leo.

Wajomba walioshindwa kulia tangu asubuhi walilia hapo, wakicheka. Gazeti alikuwa amelishika kichwa chini. Baba akatoa shilingi mia mbili aache kusoma. Akazikataa, akasema habari za ukurasa wa pili ni mia tano.